Maua Kwenye Kioo cha Kulia

Rosmira Cubides si mtu wa kulalamika, na hilo ndilo linaloniudhi. Ukimuuliza barabara ilikuwaje leo, anajibu, "Ipo pale pale." Ukimuuliza kama madereva walimsumbua, anasema, "Kama jana." Ameendesha baiskeli kutoka mtaa wetu wa Facatativá mpaka mashamba ya maua tangu mimi sijazaliwa, alfajiri kwenda, jioni kurudi, na sijawahi kumsikia akimtukana dereva hata mmoja. Mimi nawatukana kila siku. Nilisomea ujenzi wa barabara chuo kikuu, Bogotá. Najua nafasi inayotakiwa kuwepo kati ya lori na baiskeli, na najua kwamba kwenye barabara yetu nafasi hiyo haipo kwa sababu wanaoipanga hupita humo wakiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye vidole vilivyokakamaa kwa miiba ya waridi. Huvaa joho zito la sufu, na kwenye kikapu cha mbele huweka chakula chake cha mchana: wali, viazi, na kipande cha nyama kama mambo si mabaya. Mumewe alikufa zamani kwa ugonjwa wa figo, akamwachia baiskeli mbili na mtoto mmoja, Faber. Mtoto huyo alibatizwa akiwa mikononi mwa shangazi yangu, Ligia Pachón, na tangu siku hiyo Rosmira na Ligia huitana "mzazi mwenzangu". Wamefanya kazi meza moja kwenye chumba cha kuchambulia waridi, wamesimama hapo mpaka miguu ikavimba, wamecheka hapo, wamefiwa hapo. Na wamepanda baiskeli pamoja kila siku, Ligia mbele kwa sababu ana miguu mirefu, Rosmira nyuma.

Barabara yao ni nyembamba. Mkono wa kulia kuna mtaro wa maji, mkono wa kushoto kuna magari, maana kwetu tunaendesha upande wa kulia. Katikati ya safari kuna daraja lililobana kiasi kwamba lori na baiskeli haviwezi kupita pamoja bila mmoja kumpisha mwenzake, na lori halina desturi ya kupisha.

Ukitaka kujua ni wakati gani dereva atakubana pale, usiulize ana roho gani. Uliza anawahi nini. Alfajiri anawahi geti la shamba kabla halijafungwa, na ukungu umelala juu ya mitaro, na bado ana usingizi. Jioni saa kumi na moja anawahi ndege, maana maua yakikosa ndege ya usiku huo ni yeye atakayeulizwa. Ijumaa ya mshahara anawahi bia. Mvua ikinyesha anawahi tu, hata hajui nini. Halafu kuna mwisho wa Januari, wakati nchi za mbali zinataka waridi za wapendanao, na sisi hapa tunabanwa mitaroni ili mtu fulani ampelekee mchumba wake shada. Watu wakishangaa kwamba mimi sinunui maua, huwa nawaambia wakasimame pale darajani mwezi wa Januari.

Lakini hili ninaloandika halikutokea Januari. Lilitokea Julai, siku iliyofuata sikukuu ya Bikira Maria wa Karmeli.

Bikira wa Karmeli ndiye mlinzi wa madereva. Siku yake, kila mwenye gari hulipamba kwa maua na maputo, wanalizunguka kanisa wakipiga honi mpaka mbwa wanakimbia mji, padri anasimama kwenye ngazi na ndoo ya maji ya baraka, anarusha, honi zinazidi. Mwaka huo Faber alikuwa na lori kwa mara ya kwanza. Lilikuwa la shamba, si lake, lakini funguo zilikuwa mfukoni mwake. Alikuwa amepakia maboksi ya maua miaka mingi, akajifunza kuendesha kwa kuomba omba, akangoja dereva mmoja mzee astaafu. Walipompa lile lori, mama yake alilala bila kuamka usiku kucha, jambo ambalo alisema hakuwa amelifanya tangu awe mjane.

Siku moja kabla ya sikukuu Faber aliliegesha mbele ya nyumba yao, na sisi majirani tukatoka kulitazama. Rosmira alikuwa ameleta ndoo mbili za waridi zilizokataliwa shambani kwa sababu shina limepinda au ua limefunguka mapema. Alikuwa amechagua rangi moja tu, ya chungwa yenye ukingo wa kijani, aina ambayo wanunuzi waliikataa na shamba lilikuwa linaing'oa. Hakuna lori jingine ambalo lingekuwa na rangi ile. Alizifunga kwa vipande vya pazia lake la zamani la jikoni, lile lenye picha za ndimu.

"Hili si lori tena, ni bibi harusi," shangazi Ligia alisema.

"Bibi harusi mwenye tairi kumi," alisema Faber. "Nani atamwoa?"

"Wewe si umeshamwoa? Hata kwa mkeo hulali."

"Mama Ligia! Mbele ya watu!"

"Watu gani? Hawa walikuona unakojoa kwenye beseni." Akachukua shada moja, akazunguka upande wa kulia, wa abiria. "Mzazi mwenzangu, mbona vioo vya pembeni umeviacha uchi? Weka na kwenye vioo. Mtoto apendeze pande zote."

"Vioo anatumia," Rosmira alisema.

"Kwa siku moja? Kwenye maandamano wanakwenda kwa mwendo wa konokono. Lete hicho kitambaa."

Wakafunga. Rosmira alishika shada, Ligia akapiga fundo, na mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa njia nikila mkate wa mahindi, sikusema neno.

Sasa, kuna jambo ambalo kwetu kila dereva analishika. Maua yaliyobarikiwa hayaondolewi kwa mkono. Yanaachwa yadondoke yenyewe, kwa upepo na kwa mtikisiko, na wao kwa wao hushindana ya nani yatakaa zaidi. Anayeyang'oa anajitafutia ajali. Hivyo ndivyo wanavyoamini, na nimemwona mtu mzima, mwenye watoto wanaosoma, akiendesha wiki nzima akichungulia dirishani kwa sababu shada la maua limeziba kioo cha pembeni.

Sikukuu ilipita. Faber alizunguka kanisa, akarushiwa maji, akalia kidogo. Usiku walikunywa. Si kupita kiasi, mke wake amesema, na mimi namwamini, maana alfajiri aliamka mwenyewe. Lakini aliamka amechelewa, na kulikuwa na mzigo ambao ulipaswa kuondoka siku ya sikukuu ukabaki.

Alfajiri ile ukungu ulikuwa mzito. Ligia alikuwa mbele kama kawaida. Rosmira alikuwa amebaki nyuma kidogo kwa sababu mnyororo wa baiskeli yake ulichomoka, akashuka kuurudisha. Ndiyo maana hakuwepo darajani. Alisikia lori likimpita, akahisi upepo wake shingoni, akasema moyoni, kama jana. Halafu akasikia shangazi yangu anapiga kelele. Halafu akasikia maji.

Lori lilikuwa limempita Ligia juu ya daraja, mahali ambapo hakuna lori linalopaswa kumpita mtu, na kichwa chake kilipokwisha kumpita likarudi kulia kabla mkia wake haujampita. Likamfagia kama mtu anavyofagia makombo mezani. Alipita juu ya ukingo mfupi wa daraja, akaangukia mtaroni. Lori halikusimama.

Rosmira aliingia mtaroni na joho lake. Alimshika Ligia kichwa kisizame, akakaa naye kwenye maji ya baridi, maji yenye harufu ya dawa za shamba, mpaka waendesha baiskeli wengine wakafika, na wanaume watatu wakamtoa wakimbeba juu ya mlango wa banda uliong'olewa. Nyonga ilikuwa imevunjika. Gari la hospitali lilipokuja, Rosmira alirudi darajani kuchukua baiskeli zao mbili. Hapo ndipo alipotazama lami. Lilikuwepo shada, limesagika nusu. Rangi ya chungwa, ukingo wa kijani, fundo la kitambaa chenye ndimu.

Aliliokota, akaliweka kwenye kikapu chini ya chakula chake, akaenda kazini. Ameniambia mwenyewe. Nilimuuliza uliwezaje kwenda kazini, akasema, "Ningeenda wapi?"

Mimi nilifika hospitali nikiwa nawaka moto. Niliambiwa kwamba kwa kuwa shangazi alikuwa kwenye baiskeli yake mwenyewe na si kwenye basi la shamba, hii haihesabiwi ajali ya kazini. Miaka yote ile amewachambulia waridi, halafu akivunjika akiwa njiani kwenda kuwachambulia waridi, ni shauri lake. Nilikwenda kwa mkaguzi wa trafiki, nikapiga meza. Mkaguzi alikuwa mtu mpole, amechoka, ana mafua.

"Kijana, shangazi yako anasema lilikuwa lori lenye maua," aliniambia. "Ajali imetokea siku moja baada ya sikukuu. Yapo malori mangapi yenye maua?"

"Tafuteni."

"Tunatafuta. Huyo mama aliyekuwa nyuma, yeye aliona nini?"

Nikaenda kumwuliza Rosmira. Alikuwa jikoni kwetu, akiosha vyombo vyetu, maana tangu ajali alikuwa anakuja kila jioni kufanya kazi za shangazi: kuosha, kupika supu ya viazi, kuwalisha kuku.

"Bi Rosmira, uliliona lori?"

"Kulikuwa na ukungu."

"Hata rangi?"

"Kulikuwa na ukungu, mwanangu."

"Lazima kuna mtu aliliona! Nikimpata huyo mnyama, nakuapia, hataendesha hata toroli. Atafungwa."

Akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi. "Funga mlango," alisema. "Baridi inaingia."

Jioni zilizofuata ilikuwa vivyo hivyo. Shangazi alirudishwa nyumbani, tukamlaza kwenye chumba cha mbele. Rosmira akawa anamgeuza, anampaka mafuta mgongoni, anamkata kucha. Shangazi alimwambia, "Mzazi mwenzangu, umekonda." Rosmira akasema ni baridi. Mimi nilikuwa pale mezani naandika barua kwa manispaa kudai njia ya baiskeli, nikisoma kwa sauti sentensi nilizoona ni kali, na kila niliposema "muuaji yule" au "yule mhalifu", mwanamke yule alikuwa ananipa mgongo na kukunja shuka.

Alichokuwa anakipima nimekuja kukijua baadaye. Akisema, Faber anapoteza lori, labda na leseni, labda anafungwa, na hakuna shamba litakalompa usukani tena. Asiposema, atamgeuza Ligia kitandani kila jioni kwa mikono ile ile iliyoshika shada wakati wa kulifunga, na Ligia atamwambia asante.

Akamaliza wiki hivyo. Jumamosi mchana, zamu ilipokwisha, alikwenda kwenye egesho la malori pale shambani. Faber alikuwa anaosha kiti cha gari. Kwenye boneti maua yalikuwa bado yapo, yamenyauka, kahawia. Kioo cha kushoto kilikuwa na shada lake. Kioo cha kulia kilikuwa na uzi tu unaoning'inia.

"Hili limekwenda wapi?" Rosmira aliuliza.

"Limedondoka lenyewe. La kwanza kudondoka! Wenzangu wananicheka."

"Lilidondoka wapi?"

"Nitajuaje, mama? Njiani."

Akatoa lile shada kwenye kikapu, akaliweka juu ya kiti kilicholowa. Faber akalitazama. Akakitambua kitambaa kabla hajatambua kitu kingine, akatabasamu, halafu tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

"Umelipata wapi?"

"Darajani. Alfajiri ile."

"Hapana."

"Ulimpita juu ya daraja."

"Mama, hapana. Ningesikia. Mtu akigongwa unasikia."

"Redio ilikuwa imewashwa?"

Faber akalishika fundo la shada.

"Uliona mtu kwenye kioo?"

"Kioo kilikuwa na..." Akaugusa ule uzi uliobaki. Baadaye akasema kwa sauti ya chini sana, "Niliona taa ya baiskeli mbele yangu. Nikapiga honi. Nikajua atajisogeza. Huwa wanajisogeza."

"Huwa tunajisogeza," alisema Rosmira.

Faber akakaa chini, kwenye saruji iliyolowa. Akaanza kusema kuhusu lori, kuhusu mke, kuhusu miaka ya kupakia maboksi, kwamba Mama Ligia atapona, kwamba wangeweza kumsaidia kimya kimya bila mtu kujua. Rosmira alimwacha aseme yote. Alikuwa amesimama tangu alfajiri na magoti yalikuwa yanamuuma, kwa hiyo na yeye akakaa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Jumatatu jioni uchukue baiskeli ya baba yako. Tunakwenda kwa Ligia. Utasema wewe, si mimi."

"Kwa nini nisije na pikipiki ya jirani yetu Norbey?"

"Kwa sababu nimesema baiskeli."

Jumatatu waliondoka shambani saa kumi na moja, saa ambayo hakuna mwendesha baiskeli anayeipenda. Geti linafunguka, mabasi yanatoka yote kwa pamoja, malori yanatoka nyuma yao yakiwa yamejaa, na jua linakuwa machoni mwa wanaoelekea mjini. Faber hakuwa amepanda baiskeli tangu apate leseni. Rosmira alimtanguliza mbele, mahali pa Ligia.

Basi la kwanza lilimpita karibu kiasi kwamba mkono wa shati lake ulipepea. Akayumba.

"Mama, wamekuwaje hawa leo?"

"Wapo kama jana. Shika usukani wima."

"Twende pembeni zaidi."

"Pembeni zaidi ni mtaro."

Lori likaja nyuma, likakaa hapo hapo nyuma yao, likinguruma. Halafu honi. Faber aliijua honi ile. Ilikuwa ya rafiki yake, mtu waliyekunywa naye usiku wa sikukuu, ambaye sasa aliona migongo miwili tu ya wakulima barabarani. Honi tena, ndefu. Dirisha likashushwa.

"Hamna kwenu nyie? Ondokeni! Kobe wakubwa! Nina ndege mimi!"

Faber aligeuza shingo amwonyeshe uso, na baiskeli ikageuka pamoja naye, ikaingia kwenye majani. Mguu wake ukashika ukingo wa mtaro. Lori likapita na vumbi lake lote. Dereva hakumtambua.

Daraja lilikuwa mbele. Faber akashuka.

"Tutembee hapa," alisema. "Mama, tafadhali. Tutembee tukiwa tumeshika baiskeli."

"Ukitembea unachukua nafasi kubwa zaidi. Panda."

"Sioni nyuma."

"Hakuna anayeona nyuma. Panda, mwanangu. Nimechoka, nataka kufika."

Akapanda. Wakavuka. Rosmira anasema alimsikia akihesabu nguzo za ukingo kwa sauti, kama mtoto. Nilipomuuliza kama alifurahi kumwona mwanawe akiogopa vile, alinitazama kana kwamba nimemuuliza swali la kipumbavu. Alisema hakuwa amempeleka barabarani kumwadhibu. Alimpeleka ili atakapofika kitandani kwa Ligia awe na kitu cha kusema zaidi ya samahani.

Mimi niliwafungulia mlango. Nilimwona Faber ana vumbi mpaka kwenye kope, nikadhani amepata ajali na yeye.

"Wamekugonga?"

"Hapana," alisema. "Yuko macho?"

Shangazi alikuwa ameegemea mito, anakunywa maji ya moto ya sukari guru. Alifurahi kumwona. "Alaa, mwanangu wa ubatizo! Nilidhani mwenye lori siku hizi hatembelei maskini. Kaa. Mbona umechafuka? Mzazi mwenzangu, huyu umemwokota wapi?"

Faber hakukaa. Alisimama miguuni pa kitanda, ameshika chuma cha kitanda.

"Mama Ligia. Lile lori. Ni mimi."

Kuku walisikika uani. Shangazi aliteremsha kikombe taratibu mpaka kikagusa sahani.

"Ulinisikia?" aliuliza.

"Sikukusikia."

"Nilipiga kelele. Niliita, 'Dereva! Dereva!'"

"Sikukusikia, mama. Redio ilikuwa imewashwa. Na kioo..."

"Ningejua ni wewe, ningekuita jina lako."

Hapo Faber akalia, na mimi nikaanza. Nimesema mimi ni mtu wa kuwaka. Nilisema kila nilichokuwa nimekisomea mezani wiki nzima. Nilimwita majina. Nilimwambia asithubutu kusingizia maua.

"Mimi ndiye niliyesema vioo vifungwe," shangazi alisema kutoka mitoni, hata hakupandisha sauti. "Fundo nilipiga mimi."

"Maua hayakanyagi mafuta, shangazi! Aliona taa mbele yake. Aliona daraja. Ana macho. Angengoja kidogo tu!"

"Najua," alisema Ligia. "Nimevunjika mimi, si wewe. Najua angengoja." Akafumba macho. "Keti, unanipigia kelele kama lori."

Rosmira alikuwa bado mlangoni, joho mwilini, hajaingia. "Kesho asubuhi tunakwenda kwa mkaguzi," alisema. "Nilitaka wewe usikie kwanza. Na mimi nilijua tangu siku ile ile, mzazi mwenzangu. Nilikuwa nakuosha huku najua."

Shangazi alivuta shuka mpaka kifuani. Halafu akasema, "Leo usinioshe. Huyu mpwa wangu ataniletea maji. Nendeni."

Wakaenda, wawili, wakisukuma baiskeli kwa miguu mpaka kwao.

Asubuhi Faber aliandikisha maelezo yake, mama yake akiwa pembeni. Mkaguzi yule mwenye mafua alisema katika miaka yake yote pale hajaona dereva aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe. Shamba lilichukua funguo siku hiyo hiyo. Leseni ilisimamishwa, kesi bado inaendelea, na wakili anasema huenda wasimfunge kwa kuwa alijileta. Wenzake madereva wamelichukia jambo hilo. Si Faber wanayemchukia, ni mama yake. Wanasema amemuuza mwanawe. Sasa wakimwona Rosmira barabarani wanaibana honi kuanzia mbali na hawaiachii mpaka wampite. Nilimwambia tuwashtaki. Akaniambia, "Waache. Honi ikilia najua wameniona."

Barua yangu manispaa walijibu kwamba jambo linashughulikiwa. Barabara ni ile ile. Nimekwenda mara nyingi, nitakwenda tena, na sitaacha mpaka wanichoke, ingawa siku nyingine narudi nyumbani nikiwa nimechoka mimi.

Mwezi mzima Rosmira hakuingia chumbani kwa shangazi. Alikuja, alipika, aliwalisha kuku, akaondoka kwa mlango wa nyuma. Halafu jioni moja shangazi alimwita mwenyewe, kwa sababu mimi sijui kumgeuza mtu bila kumuumiza. Nilisikia wakihangaika na mito, wakiguna, Ligia akisema huko, si huko, hapo.

"Anafanya nini sasa?" Ligia aliuliza.

"Wamempa kazi shamba jingine. Anakata mashina."

"Anakwenda na nini?"

"Na baiskeli ya baba yake."

"Anapita darajani?"

"Hakuna njia nyingine."

"Alfajiri?"

"Alfajiri na jioni. Kama sisi."

Shangazi alivuta pumzi, akamwachia Rosmira uzito wake wote ili amgeuze upande wa ukutani.

"Mwambie avae kitu cheupe mgongoni," alisema. "Wale hawaoni."